Nyapara wa Kondoo na Minji ya Zizi la Juu

Kama ulikuwa na mgongo, nyapara wa kondoo angeushika. Aliwashika kondoo, aliwashika mbwa, alimshika punda wa kubeba maji, na Jumapili moja, tukiwa tumesimama kuimba, nilimwona akinyoosha mkono na kumpapasa mgongo mzee wa kanisa aliyekuwa mbele yake ndani ya koti la jeshi. Mzee akageuka kwa ghadhabu. Nyapara akatazama juu kana kwamba mkono ule si wake, akaendelea kuimba vibaya kama kawaida. Tulipotoka nje nikamwuliza alikuwa akitafuta nini kwenye mgongo wa mtu mzima.

"Ile mzee haikuli," akaniambia. "Nono ni koti."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na nina hamu naye. Nasema hivyo bila haya, maana nimeshazeeka na hakuna wa kunifikiria vibaya. Kuna watu niliowapenda kuliko yeye, na wengine nimewazika kwa machozi mengi, lakini asubuhi kukiwa na baridi na ukungu umekaa chini, anayenijia kwanza ni yeye, na kofia yake ya sufu iliyotoboka, akinikaripia.

Shamba letu lilikuwa juu ya Molo, upande wa kwenda Kuresoi. Letu kwa maneno tu. Lilikuwa la bwana mmoja Mzungu, na sisi tulikuwa watu wake wa laini, yaani vibarua wa nyumba za safu. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa nachuma maua ya pareto. Mume wangu alikuwa Elburgon kwenye kiwanda cha kupasua mbao, akija nyumbani mwisho wa mwezi akinuka utomvu wa miti. Nyumba zetu zilijengwa kwa mabanzi yaliyobaki kiwandani, mbilimbili, ukuta mmoja katikati. Upande wa pili wa ukuta wangu alilala nyapara wa kondoo. Nilijua anakohoa saa ngapi, naye bila shaka alijua mengi yangu.

Sijui alizaliwa wapi. Sikumwuliza. Ilikuwa Hali ya Hatari, hakuna aliyetembea bila karatasi, na kumwuliza mtu kwao ni wapi kulikuwa kama kumwuliza kama angependa kukamatwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na hakuna aliyeweza kujua kutokana nacho alikookotea.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni manyoya. Ajabu kwa mtu wa kazi ile, lakini ndivyo. Bwana alifuga kondoo wale wenye manyoya mazito, na kila mgeni aliyekuja kuwatazama alisema jinsi walivyonenepa. Nyapara angesubiri wageni waondoke, kisha ateme mate.

"Manyoya ni mwongo," alisema. "Ingia ndani, pita manyoya, pita ngozi, gusa mfupa. Mfupa ndiyo itakuambia."

Alituonyesha sisi wanawake, tukitaka tusitake. Unaweka kiganja juu ya kiuno cha kondoo, nyuma ya mbavu, unabonyeza. Ukikuta uti wa mgongo umelala chini ya nyama, vizuri. Ukikuta umesimama na kukuchoma, kondoo yule anajila mwenyewe, hata kama machoni anaonekana kama gunia lililojaa.

Kuhusu mimba za kondoo alikuwa na elimu yake, na hakuna aliyeijua kumzidi. Wakati wa kupandisha alimpaka kondoo dume kifuani udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, hivi kwamba kila jike aliyepandwa alitoka na alama kiunoni. Baada ya siku kumi na kadhaa alibadilisha rangi. Kwa hiyo alijua nani ameshika mimba mapema na nani amechelewa, na mlangoni kwake zilining'inia kamba mbili zenye mafundo ya wiki. Mafundo sita ya mwisho yalikuwa makubwa. Alipoyafikia aligeuka mtu mwingine. Hakulala vizuri, hakutania, na mwanamke aliyecheka kwa sauti kisimani alifokewa kwamba anawashtua wazazi, akimaanisha kondoo wake.

"Miezi ya kwanza mwache ajitafutie," alitufundisha. "Mtoto ndani ni kama maharagwe, yeye hana njaa. Lakini wiki sita ya mwisho! Hapo mtoto anaamka, anaanza kujenga. Anataka nyama ya kujenga, anataka damu. Na mama lazima atengeneze maziwa ya kwanza, ile nzito ya manjano. Mama akikosa chakula mtoto haulizi. Anakula mama."

"Si uwape mahindi?" nilimwuliza mara moja, maana sisi sote tuliishi kwa mahindi.

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Mahindi inajaza. Haijengi. Fundi anakuomba mawe, wewe unamletea maji ndoo kumi?"

Shida ni kwamba wiki zile sita ziliangukia Februari na Machi, kabla ya mvua kubwa, wakati nyasi za huko juu zimekauka na barafu ya alfajiri imezichoma. Kondoo alikula kutwa nzima akajaza tumbo kwa kitu kisicho na nguvu. Nyapara alitaka minji, yaani njegere kavu. Bwana alilima minji za kuuza mbegu, na zile zilizovunjika kwenye kuchambua walikuwa wakipewa nguruwe. Nyapara aliziomba mwaka wa kwanza akanyimwa. Mwaka wa pili bwana alipokuja zizini na kusema kondoo wake ni wanono, nyapara alifanya jambo ambalo watu wa laini walilisimulia kwa muda mrefu. Alimkamata bwana mkono, mkono mweupe wenye saa, akausukuma ndani ya manyoya ya kondoo mmoja mwenye mimba na kuubonyeza pale.

Sisi tulioona tulishika vinywa. Bwana alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Lakini hakuutoa mkono. Aliuacha pale, akabonyeza mwenyewe, akahamia kondoo wa pili, kisha wa tatu. Juma lile minji zilizovunjika zilianza kuja zizini kwa magunia, na nguruwe wakatafutiwa kingine.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa bahili wa tumbaku hata kuinusa ungelipia. Aliwaita wachunga ng'ombe watu wasiofikiri, mbele yao. Aliwapenda kondoo wale kiasi cha kuwafunika kwa magunia usiku wa baridi kali, na siku kondoo mmoja alipochinjwa kwa sikukuu alikuwa wa kwanza kufika na kisu chake, akala mafuta ya mbavu yakimtiririka kidevuni. Nilipomcheka alisema, "Nimemlea vizuri. Kwa nini nisimle?"

Lakini kioja chake kikubwa kilikuwa hiki. Mtu huyu aliyeweza kuingiza mkono wake chini ya tumbo la kondoo, akafumba macho na kusema wako wawili, wa kushoto ni mkubwa, hakuweza kumtazama mwanamke mwenye mimba. Kwao, popote kulipokuwa kwao, mwanamume hakuiona mimba ya mke wa mwenziwe. Kuitaja kulikuwa utovu wa adabu, na kuitazama kulikaribia uchawi. Mwanamke akianza kuonekana tumbo, nyapara alianza kuzungumza na paa la nyumba. Tulimcheka sana. Mwenzetu mmoja mwenye mimba kubwa alikuwa akimzingira makusudi njiani ili amwone akihangaika. Ilikuwa heshima, na sisi wanawake, pamoja na kucheka kwetu, tulimpenda kwa heshima ile.

Sasa niseme la Yohana, mwanangu wa kwanza.

Alikuwa amemaliza mwaka mmoja na nusu nilipomwachisha ziwa, kwa sababu nilikuwa nimeshika mimba nyingine. Nikamwanzishia uji wa mahindi kama kila mtu. Posho ya shamba ilikuwa unga wa mahindi, na ukitaka kingine utakitafuta mwenyewe. Kwa miezi mitatu alikula akashiba. Kisha akaanza kubadilika. Nywele zikageuka rangi ya nyasi kavu, zikawa zinang'oka nikimpapasa. Uso ukajaa, miguu ikavimba, na majirani wakanipongeza kwamba mtoto amenenepa. Lakini Yohana wangu hakucheza tena. Alikaa kizingitini nilipokuwa nimemkalisha, na jioni nilimkuta palepale. Hata kulia aliacha. Usiombe kuwa na mtoto asiyelia.

Mwaka ule nyapara alikuwa ameniomba kwa bwana nitolewe kwenye pareto nimsaidie kubeba minji mafundo yale makubwa yalipoanza. Alisema amenichagua kwa kuwa sina maneno mengi, ambayo ni ushahidi kwamba naye aliweza kukosea. Kila asubuhi nilimimina minji zilizovunjika kwenye mahori, na kila asubuhi harufu yake ilinipanda kichwani. Siku ya tatu nikaiba kopo moja. Nililificha ndani ya kikapu chini ya majani ya maboga, nikaenda kumchemshia Yohana na kumpondea. Siku ya nne nikaiba tena, nikaendelea.

Baada ya wiki mbili, alasiri moja, nyapara akaja kusimama mlangoni kwangu. Hakubisha hodi. Nilijua kwa jinsi alivyosimama.

"Mama Yohana, kondoo wa zizi la juu imepungua mwili," alisema akitazama paa.

Nikasema kondoo hupungua. Nikasema kiangazi kibaya. Nikasema maneno mengi. Macho yake yalishuka kutoka kwenye paa yakamkuta Yohana kizingitini. Akachuchumaa. Akamshika mguu uliovimba na kuubonyeza kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki pale kama kwenye udongo wa mfinyanzi. Nyapara alilitazama shimo lile muda mrefu. Kisha akapitisha mkono nyuma ya mtoto, kiunoni, akabonyeza.

"Hii hapana mafuta," alisema polepole. "Hii ni maji. Ndani iko mfupa tupu. Tangu lini?"

"Tangu nimwachishe ziwa."

Hakuuliza kwa nini nilimwachisha. Mtu mwingine yeyote angeuliza, na tumbo langu lilikuwa mbele yake kubwa kama chungu. Alikuwa ameshayarudisha macho kwenye paa.

Nilingoja aniambie anakwenda kwa bwana. Badala yake akasema, "Usiibe. Unaiba vibaya, unachukua kwa yule haifai." Kesho yake asubuhi akanipeleka zizini, akanipa mpango. Zizi la chini kulikuwa na kondoo wenye mtoto mmoja. Hao alijua kwa mkono wake kwamba wanaweza kupunguziwa kidogo na wasidhurike. Angechukua mwenyewe, ngumi moja huku, ngumi moja kule, mpaka kopo la Yohana lijae. Zizi la juu kulikuwa na kumi na wanane wenye mapacha.

"Ya juu usiguse," alisema. "Hata moja. Yule iko na watoto wawili inamla. Ukichukua kwake umechukua kwa watu watatu."

Kwa hiyo kila asubuhi alinikabidhi kopo, bila kificho, kama mtu anayetoa dawa. Bwana angejua angemfukuza siku ileile, na pengine angemfunga. Alijua hivyo vizuri kuliko mimi. Siku ya tisa Yohana akalia. Alilia kwa sababu kijiko kilichelewa, kilio cha hasira, cha mtoto anayedai chake, nami nikakaa chini nikalia naye. Ukuta ukagongwa kutoka upande wa pili.

"Sasa yeye iko!" nyapara alipiga kelele. "Sasa amerudi!"

Ningeweza kuishia hapo, ningeonekana vizuri.

Wiki ya nne ya mafundo makubwa nyapara akashikwa na kichomi. Alikohoa mpaka mabanzi yakatikisika, na bwana mwenyewe akampeleka hospitali Nakuru kwa gari. Kabla hajapanda alinishika ngumi akailinganisha na yake. Yangu ilikuwa ndogo. "Ngumi yangu moja ni yako mbili," alisema huku akihema. "Kila kondoo ya juu, mara mbili. Ya chini kama nilivyopunguza. Mtoto kopo moja. Umesikia?" Nikasema nimesikia.

Alikaa huko siku kumi na mbili.

Nilikuwa mwezi wa nane. Nilikula ugali na majani ya maboga, na pale mume wangu alipochelewa kuja nilikula ugali na chumvi. Nikisimama ghafla dunia ilizunguka. Niliota chakula mchana, macho wazi, nikiwa nimebeba ndoo ya chakula. Siku ya pili baada ya nyapara kuondoka nilitia minji chache mdomoni, mbichi, kavu, nikazitafuna zizini huku kondoo wananitazama. Siku ya tatu nilichukua ngumi mbili nikazichemsha. Kopo la Yohana sikuligusa, na zizi la chini sikuligusa, maana walikuwa wameshapunguziwa. Nilichukua kwa wa juu kwa sababu wao walikuwa na nyingi. Nikawapa ngumi moja moja badala ya mbili, na iliyobaki nikala mimi.

Niliwaona wamejaa, manyoya mazito kama blanketi. Nilikuwa nimeambiwa mara mia kwamba manyoya ni mwongo. Nikachagua kuyaamini, na kwa siku zote zile sikuweka mkono wangu kwenye mgongo wa hata mmoja.

Aliporudi alikuwa amekonda, shingo imebaki kamba. Hakuingia kwake. Alipita moja kwa moja mpaka zizi la juu, nami nikamfuata. Kondoo aliyempenda, mwenye doa jeusi puani, alikuwa amesimama peke yake ameelekea uzio, kichwa juu, akisaga meno. Nyapara alipitisha mkono mbele ya macho yake. Hakupepesa. Wengine wawili walikuwa wamelala chini na hawakuja kwenye hori tulipomimina.

Alihangaika nao siku mbili. Aliwanywesha sukari guru iliyoyeyushwa kwa maji ya moto, aliwafunika, aliwainua kwa mabega yake huku yeye mwenyewe akikohoa. Wakafa wote watatu. Aliwapasua akatoa watoto sita, wameshaota manyoya, wamekamilika kwato na masikio. Akawapanga kwenye nyasi wawili wawili.

Kisha akaniuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama fundi anayetafuta mahali kipimo kilipokosewa.

"Mama Yohana, hawa wa juu uliwapa kama tulivyopima?"

"Ndiyo, mzee."

"Ngumi yako mara mbili?"

"Mara mbili."

Akaukunja mkono wake, akautazama. Aliugeuza huku na huku muda mrefu sana, nami nilisimama pale na uwongo wangu na tumbo langu. Aliniamini. Mtu asiyeamini hata manyoya aliamini neno langu. Bwana alipokuja na kuuliza kwa ukali, "Nani kuua kondoo yangu?", nyapara akavua kofia na kusema, "Mimi. Nilipima vibaya. Mkono yangu imekwisha."

Bwana hakumfukuza. Alimpa kazi ya kuchochea moto kwenye kikaushio cha pareto, akadhani anamhurumia. Nyapara aliikataa, akafunga blanketi lake, akaondoka kesho yake asubuhi kwa miguu kufuata reli. Kamba zake za mafundo alikuwa amezitia motoni. Siku nne baadaye nikajifungua msichana, mzito, mwenye mapaja, na mkunga akaniuliza nilikuwa nakula nini.

Upande wa pili wa ukuta akaja kukaa mtu mwingine, mkimya, safi, asiyekohoa. Sikumsamehe kwa ukimya wake. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiamka na kusikiliza. Nilitamani kufokewa. Ningekuwa naosha vyombo na kucheka na wenzangu, nikakatiza kicheko nikingoja sauti yake iniambie nawashtua wazazi, na haikuja. Yohana alikua, akakimbia, akaanguka kutoka kwenye miti, na kila jambo jipya alilofanya nilitaka kugonga ukuta nimwambie. Pia nilisikia habari zake. Mtu alimwona Njoro, akasema mabwana wawili walimtafuta awaangalie kondoo naye aliwaambia kwamba mkono wake umekufa. Nikazipokea habari hizo kama kofi. Nilikuwa nimeibia kondoo minji, hilo ningeweza kulieleza. Lakini yeye nilimwibia mkono wake, na kuurudisha ilikuwa kazi ya neno moja tu ambalo sikuwa nimelisema.

Mwaka wa nne mume wangu alipeleka mbao Nakuru na lori la kiwanda, akarudi akasema amemwona. Alikuwa anashona magunia kwenye ghala moja la mahindi karibu na reli. Nilipanda gari la moshi Molo siku iliyofuata. Watoto niliwaacha kwa jirani. Mume wangu alinikataza, kwa jinsi nilivyokuwa, lakini nilikwenda.

Nilimkuta ameketi kwenye kibao nje ya ghala, miguu imenyooshwa, gunia mapajani, sindano kubwa mkononi. Ndevu zilikuwa zimekuwa nyeupe. Nilipomsalimu alinitambua kwa sauti, akafurahi kweli, akaniwekea gunia nikalie. "Habari ya Molo? Habari ya Yohana?" Nikamwambia Yohana anasoma. Akacheka kwa mdomo wote. Nikaona kwamba nikingoja kidogo tu tutazungumza mambo mazuri mpaka jioni na nitarudi nyumbani nilivyokuja. Basi nikasema.

Nilimwambia yote. Ngumi moja badala ya mbili. Siku kumi. Nilimwambia hakupima vibaya, mkono wake haukuwa na kosa lolote, na niliposema ndiyo nilidanganya.

Sindano ikasimama. Kisha akainuka, na gunia likaanguka. Sijawahi kumwona mtu na hasira kama ile.

"Miaka nne!" alisema, na wapagazi wakageuka. "Miaka nne nashona gunia! Nikiona kondoo njiani napita upande mwingine. Naambia watu mkono yangu imekufa, na wewe unajua iko mzima, unakaa Molo, unanyamaza!"

Alitembea mpaka mwisho wa ghala akanipa mgongo. Nilidhani hatarudi. Nikaanza kujiinua, na kuinuka kwenyewe kulinichukua muda, kwa kushika ukuta. Alipogeuka alinikuta katikati ya kuinuka. Akarudi polepole.

"Minji ile. Alikula Yohana?"

"Yohana alikuwa na kopo lake. Nilikula mimi."

Akanitazama. Hakutazama paa la ghala wala reli. Alinitazama usoni, kisha macho yake yakashuka yakakaa kwenye tumbo langu, wazi, kama ambavyo hakuwahi kufanya.

"Hiyo mwezi wa ngapi?"

Niliona aibu kumjibu mwanamume. "Wa nane."

"Na ile mwaka?"

"Wa nane vilevile."

Akakaa chini kwenye kibao. "Ukuta moja," alisema. "Nikikohoa unasikia. Wewe iko mwezi ya nane unabeba ndoo ya minji kila siku, mimi nakwenda kupima mgongo ya kondoo." Akapangusa uso kwa kiganja. "Niliona. Usifikiri sikuona. Nilijifanya sioni."

Gari la mizigo likapita, likatutikisa, likaisha. Kisha akavuta mkebe wake wa chakula cha mchana uliokuwa nyuma ya magunia, akaufungua. Ulikuwa na mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na maharagwe hayakuwa mengi. Akaanza kuyachagua kwa vidole, akiacha mahindi.

"Leta mkono."

"Mzee, nimekula kwenye gari la moshi."

"Usinidanganye tena," alisema. "Kula. Mimi naangalia."

Nikala. Alikuwa bado amekasirika. Hakusema neno la kunisamehe, wala sikumwomba. Aliyachagua maharagwe moja moja mpaka mkebe ukabaki mahindi matupu, akawa anayaweka kiganjani mwangu, na kila nilipotaka kuufunga mkono alisema, "Bado."